John Scott Haldane: Daktari aliyewafunza wapiga mbizi kupanda kwa vituo

MPIGA mbizi anayeshuka katika maji marefu ya Kilindini, mbele ya kambi ya Jeshi la Wanamaji la Kenya huko Mtongwe, hategemei hewa aliyobeba mgongoni peke yake. Hutegemea pia hesabu zilizofanywa zaidi ya miaka 100 iliyopita na daktari mmoja wa Uskoti, mtu wa masharubu mazito aliyekuwa na mazoea ya kuujaribia mwili wake sumu kabla ya kumshauri mtu mwingine.

Daktari huyo ni John Scott Haldane. Jina lake halitajwi sana katika pwani ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, kila mara watu wanapokusanyika ufuoni na kuuliza kwa uchungu ni kwa nini waokoaji wanachukua muda mrefu hivyo, sehemu kubwa ya jibu imo katika kazi aliyoifanya kati ya mwaka 1905 na 1908.

Swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa mnamo mwaka 2019. Jumapili ya Septemba 29 mwaka huo, gari lililokuwa na mama na bintiye mdogo liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni na kuzama. Siku zilipita, umati ukazidi kukua ufuoni, na lawama zikawaelekea wapiga mbizi. Gari lilipatikana katika kina cha mita zipatazo 58, na likatolewa pamoja na miili hiyo miwili Ijumaa ya Oktoba 11, siku ya 13 tangu mkasa.

Wengi walijiuliza mita 58 ni kitu gani. Juu ya nchi kavu ni umbali ambao mtu huutembea kabla ya kumaliza sentensi mbili. Chini ya maji, umbali huo unaweza kumwua mtu mwenye nguvu zake, tena wakati anapopanda kurudi kwa wenzake akidhani hatari imekwisha. Aliyeichunguza siri hiyo na kuitafutia kanuni ni Haldane.

Mtoto wa ukoo wenye nafasi

Haldane alizaliwa mjini Edinburgh mnamo Mei 1860, katika ukoo wa watu wa nafasi wa Uskoti. Kaka yake, Richard Burdon Haldane, alikuja kuwa Waziri wa Vita wa Uingereza, kisha mkuu wa sheria wa nchi hiyo. John hakuvutwa na siasa. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuhitimu mwaka 1884, akapitia pia masomo nchini Ujerumani katika mji wa Jena.

Ingawa alikuwa daktari kwa cheti, hakujenga maisha yake juu ya kutibu wagonjwa mmoja mmoja. Alichotaka kujua ni kile kinachowaua watu kwa wingi wakiwa kazini na majumbani mwao, na hasa hewa wanayovuta.

Kazi yake ya kwanza ya maana ilikuwa katika mji wa Dundee. Yeye na wenzake waliingia usiku katika nyumba za mafukara, wakati familia nzima zimelala katika chumba kimoja, wakachota hewa katika chupa na kuipima. Walipima pia hewa ya shule na ya mifereji ya maji machafu. Matokeo yake yalionyesha kwa tarakimu jambo ambalo maskini walikuwa wakilijua kwa vifua vyao: kadiri watu wanavyobanana, ndivyo hewa yao inavyoharibika.

Mwaka 1887 alihamia Oxford, ambako mjomba wake, John Burdon Sanderson, alikuwa profesa wa elimu ya utendaji kazi wa mwili. Huko ndiko alikofanya makao yake hadi mwisho wa maisha yake. Mwaka 1891 alimwoa Louisa Kathleen Trotter, na wakajaliwa watoto wawili. Wa kwanza, J.B.S. Haldane, aliyezaliwa mwaka 1892, alikuja kuwa miongoni mwa wanasayansi mashuhuri wa elimu ya urithi wa viumbe. Wa pili, Naomi Mitchison, aliyezaliwa mwaka 1897, alikuwa mwandishi wa vitabu vingi, na uzeeni mwake akawa na uhusiano wa karibu na jamii ya Wabakgatla wa Botswana.

Chini ya migodi

Kabla ya bahari, Haldane alishughulika na migodi. Mnamo Januari 1896 mlipuko ulitokea katika mgodi wa makaa ya mawe wa Tylorstown, nchini Wales, na watu 57 wakafa. Wakati huo watu waliamini kwamba wachimbaji huuawa na mshindo na moto. Haldane alikwenda, akaichunguza miili ya wanaume hao na ya farasi wadogo waliokuwa wakivuta mabehewa chini ya ardhi.

Aligundua kwamba wengi wao hawakuuawa na mlipuko. Walikuwa wameuvuka salama, kisha wakaanguka walipokuwa wakijaribu kutoka, kwa kuvuta kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu ambayo moto huiacha nyuma. Sumu hiyo huishika damu na kuizuia isibebe oksijeni.

Haldane alikuwa tayari ameijua sumu hiyo kwa mwili wake. Katika maabara aliivuta mwenyewe kwa makusudi, akaandika hatua kwa hatua jinsi miguu ilivyolegea, macho yalivyofifia na akili ilivyopotea, huku akipima damu yake. Ushauri wake kwa wachimbaji ulikuwa rahisi: wachukue mnyama mdogo kama panya au ndege. Kiumbe mdogo hupumua kwa kasi kubwa, hivyo huonyesha dalili mapema na kumpa binadamu muda wa kukimbia. Ndege aina ya chiriku waliendelea kutumiwa katika migodi ya Uingereza hadi mwaka 1986.

Mwaka 1897 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Miaka minane baadaye, yeye na J.G. Priestley walithibitisha jambo ambalo leo hufundishwa katika kila chuo cha udaktari. Katika hali ya kawaida, kinachomsukuma mtu kupumua zaidi ni kuongezeka kwa kaboni dioksidi mwilini, wala si kupungua kwa oksijeni. Ugunduzi huo ulikuwa ndio ufunguo wa kazi iliyomngoja baharini.

Maradhi ya wanaorudi juu

Kufikia wakati huo dunia ilikuwa imekwisha kuonja maradhi ya ajabu. Katika karne ya 19 wahandisi walijenga nguzo za madaraja makubwa kwa kutumia vyumba vilivyoshushwa hadi sakafu ya mto na kujazwa hewa kwa nguvu ili maji yasiingie. Wafanyakazi walichimba humo vizuri, lakini walipotoka baadhi yao walianguka kwa maumivu ya viungo, wengine wakapooza, wengine wakafa. Katika ujenzi wa daraja la Brooklyn, mjini New York, mhandisi mkuu Washington Roebling aliugua maradhi hayo mwaka 1872 na hakurudia afya yake. Mkewe, Emily, ndiye aliyepeleka maagizo yake kwa mafundi hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1883.

Mfaransa Paul Bert alieleza chanzo chake katika kitabu alichochapisha mwaka 1878. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa takriban sehemu nne kati ya tano. Juu ya nchi naitrojeni hiyo haina madhara. Mtu anapoingia mahali penye shinikizo kubwa, naitrojeni huyeyuka katika damu na nyama zake. Akitoka ghafla, hugeuka kuwa viputo, kama soda inavyotoa mapovu chupa inapofunguliwa. Viputo hivyo vikiziba mishipa ya uti wa mgongo, miguu hufa ganzi. Vikifika kwenye ubongo au moyo, uhai huwa hatarini.

Chanzo kilikuwa kimejulikana, lakini dawa bado. Wapiga mbizi wa wanamaji waliambiwa wapande taratibu kwa mwendo mmoja kutoka chini hadi juu. Bado waliugua. Isitoshe, walipofika kina kirefu walilalamika kwamba wanaishiwa na nguvu na hawawezi kufanya kazi.

Mbuzi katika tangi la chuma

Mwaka 1905 mamlaka ya Wanamaji wa Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza upigaji mbizi katika kina kirefu, na Haldane akaingizwa ndani yake. Lile tatizo la kuishiwa nguvu alilitatua kwanza. Alipima hewa iliyokuwa ndani ya kofia za shaba za wapiga mbizi na kukuta imejaa kaboni dioksidi waliyoitoa wenyewe. Pampu zilizokuwa juu ya mashua zilipeleka hewa ambayo ingetosha mtu aliye juu, lakini chini hewa hiyo hiyo hubanwa na kuwa kidogo. Haldane alisisitiza kwamba kiasi cha hewa kipimwe kwa shinikizo la mahali alipo mpiga mbizi. Pampu ziliporekebishwa, watu wakaweza kufanya kazi.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi. Katika Taasisi ya Lister, jijini London, palikuwa na tangi kubwa la chuma ambalo hewa ingeweza kushindiliwa ndani yake. Haldane, akisaidiwa na daktari A.E. Boycott na afisa wa wanamaji G.C.C. Damant, aliingiza mbuzi humo. Mbuzi walichaguliwa kwa kuwa ukubwa wa mwili wao unakaribia wa binadamu kuliko ule wa panya au sungura, na kwa kuwa wakiumia huonyesha wazi: huinua mguu wa mbele na kukataa kuukanyagia.

Kutokana na mbuzi hao, pamoja na kumbukumbu za wapiga mbizi na wajenzi wa madaraja, Haldane aliona jambo moja. Mtu aliyekaa katika kina cha mita kama 12, hata kwa muda mrefu, aliweza kurudi juu moja kwa moja bila kudhurika. Katika kina hicho shinikizo ni kama mara mbili ya lile la juu ya maji. Akafikia uamuzi kwamba mwili unaweza kuvumilia shinikizo likipungua kwa nusu, iwe mtu ametoka mita 10 kwenda juu, au ametoka mita 50 ambako shinikizo ni mara sita, kwenda mita 20 ambako ni mara tatu.

Hapo ndipo kanuni ya zamani ilipopinduliwa. Kupanda kwa mwendo mmoja kulikuwa na makosa mawili. Kulimchelewesha mpiga mbizi chini, ambako aliendelea kufyonza naitrojeni, kisha kukampitisha haraka mno karibu na uso wa maji, mahali ambapo mita chache hubadilisha shinikizo kwa kiasi kikubwa. Haldane alielekeza kwamba sehemu ya kwanza ya safari iende upesi, kisha mpiga mbizi asimame katika vituo vilivyoachana kwa futi 10, yaani mita kama tatu, akikaa muda mrefu zaidi kadiri anavyokaribia juu.

Muda wa kila kituo haukukisiwa. Haldane alitambua kwamba viungo vya mwili havifyonzi naitrojeni kwa kasi moja. Vile vinavyopata damu nyingi hujaa na kumwaga upesi, na vile vyenye mafuta mengi huchelewa. Aliugawa mwili katika makundi matano ya kimahesabu, la kwanza likijaa nusu kwa dakika 5, na mengine kwa dakika 10, 20, 40 na 75. Kutokana na hesabu hizo akatunga majedwali: kina hiki, dakika hizi, basi vituo ni hivi.

Majaribio ya baharini yalifanyika Agosti 1906 katika maji ya magharibi mwa Uskoti. Damant na mwenzake, Catto, walishuka hadi futi 210, karibu mita 64, wakapanda kwa vituo na kufika juu wazima. Wakati huo hapakuwa na kina kikubwa zaidi ya hicho kilichokuwa kimefikiwa kwa usalama na kuthibitishwa namna hiyo. Haldane alikuwa amemchukua pia mwanawe, J.B.S., mwenye umri wa miaka 13, na kijana huyo akashushwa majini akiwa amevaa vazi la kupigia mbizi lililokuwa likimpwaya na kuvuja. Leo mzazi wa namna hiyo angehojiwa na polisi.

Ripoti ya Boycott, Damant na Haldane ilichapishwa mwaka 1908. Wanamaji wa Uingereza waliyapokea majedwali hayo, na Marekani ikafuata katika miaka iliyofuata.

Dhahabu ya Laurentic

Uthibitisho mkubwa ulikuja wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnamo Januari 1917 meli ya Laurentic ilipigwa na mabomu ya baharini karibu na pwani ya kaskazini ya Ireland na kuzama katika kina cha mita kama 40, ikiwa na vipande 3,211 vya dhahabu. Aliyepewa kazi ya kuitoa dhahabu hiyo alikuwa Damant, yule yule aliyekuwa amesimama kando ya tangi la mbuzi.

Kazi hiyo ilikatizwa na vita na dhoruba, ikakamilika mwaka 1924. Vipande 3,186 vilipatikana. Wapiga mbizi walishuka zaidi ya mara 5,000 katika maji baridi yenye mikondo, ndani ya mabaki ya meli yaliyokuwa yakiporomoka, na hakuna aliyepoteza maisha. Miaka 20 nyuma, hesabu kama hiyo isingewezekana.

Haldane mwenyewe wakati huo alikuwa kwingine. Mnamo Aprili 1915, Wajerumani walipotumia gesi ya sumu huko Ypres, serikali ilimtuma Ufaransa. Aliitambua kuwa ni klorini, kisha akajifungia na wenzake katika chumba chenye gesi hiyo ili kujaribu vifaa vya kujikinga. Vifua vyao viliungua kwa ajili ya askari ambao hawakupata kuwajua.

Hesabu ya mita 58

Ukiichukua kanuni ya Haldane na kuipeleka katika kivuko cha Likoni, hasira ya mwaka 2019 hupata sura nyingine. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza uzito unaolingana na hewa yote iliyo juu ya nchi. Katika mita 58 mwili hubanwa kwa shinikizo la takriban mara 6.8 ya kawaida. Naitrojeni ya hewa ya kawaida, ikivutwa chini ya shinikizo hilo, hulevya kama pombe, na mpiga mbizi anaweza kusahau kilichompeleka. Oksijeni nayo hukaribia kiwango ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa mpaka, maana ikizidi huleta kifafa, na kifafa ndani ya maji ni kifo.

Kwa sababu hizo mpiga mbizi hupewa dakika chache tu za kukaa chini, kisha hulazimika kupanda kwa vituo kwa muda unaozidi ule aliofanya kazi. Baada ya hapo anahitaji saa za kupumzika kabla ya kushuka tena, kwa kuwa naitrojeni ya mshuko wa kwanza ingali mwilini. Ongeza mkondo wa maji kupwa na kujaa, giza la tope na meli zinazoingia bandarini, na siku huisha kwa dakika chache za kutafuta.

Hoja hiyo haiwaondolei wakuu wajibu wao. Waliouliza kuhusu vifaa, kamera za chini ya maji na maandalizi ya kivuko kinachobeba maelfu ya watu kila siku walikuwa na haki ya kuuliza. Mtongwe yenyewe inabeba kumbukumbu ya Aprili 29, 1994, feri ilipopinduka karibu na ufuo na watu 272 wakafa, wakiwa katika safari ya dakika chache. Kumbukumbu kama hiyo humfanya mtu asiwe na subira na maelezo ya kitaalamu. Hata hivyo, kuuliza kwa nini hakuna vifaa ni jambo moja, na kumtaka kijana wa wanamaji ashuke na kupanda mbio mbio ili umati utulie ni jambo jingine. La pili lingeongeza msiba juu ya msiba.

Mitambo mipya, hatari zile zile

Tangu wakati wa Haldane vifaa vimebadilika. Wapo sasa wapiga mbizi wa kina kirefu wanaotumia mitambo ya kuzungusha pumzi. Pumzi anayoitoa mtu haipotei majini. Hupitishwa kwenye chombo chenye chokaa maalumu inayofyonza kaboni dioksidi, huongezwa oksijeni, kisha humrudia kinywani. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani Mwingereza Henry Fleuss alikuwa na kifaa cha namna hiyo mwaka 1878. Leo mitambo hiyo huongozwa na kompyuta, na naitrojeni hupunguzwa kwa kuchanganya heliamu ili mtu asilewe.

Faida yake ni kubwa. Gesi kidogo hutosha kwa saa nyingi. Lakini hatari zake tatu kuu ni zile zile alizozichunguza Haldane au wanafunzi wake. Chokaa ikichoka, kaboni dioksidi hujaa na mpiga mbizi huhema bila kupata nafuu. Oksijeni ikizidi, hupatwa na kifafa. Ikipungua, huzimia bila onyo lolote, kwa sababu, kama Haldane na Priestley walivyoonyesha mwaka 1905, mwili hulia kwa wingi wa kaboni dioksidi, wala haulii kwa upungufu wa oksijeni. Mtu huyo hujiona yu mzima hadi sekunde ya mwisho.

Heliamu nayo haikuondoa vituo. Nayo huyeyuka mwilini na lazima itoke polepole. Anayeshuka mita 100 kwa dakika 20 anaweza kuhitaji saa kadhaa kurudi juu. Kompyuta anayoivaa mkononi hupiga hesabu kwa kuugawa mwili katika makundi, jinsi Haldane alivyofanya kwa kalamu, ingawa makundi yameongezeka na viwango vimerekebishwa. Majedwali ya kwanza yalionekana kuwa na kasoro, hasa kwa mishuko mirefu, na wataalamu wa Marekani na Uswisi waliyasahihisha katika karne ya 20. Msingi ulibaki.

Wasiofikiwa na elimu hiyo ndio wanaoumia. Katika pwani ya Afrika Mashariki wapo wavuvi wanaoshuka kutafuta majongoo bahari kwa mitungi ya hewa bila mafunzo, bila saa wala jedwali, wakirudia kushuka mara nyingi kwa siku moja. Mmoja akipanda na kulalamikia mabega, ganzi ya miguu au kushindwa kukojoa, wako watakaosema ameshikwa na jini wa baharini. Dalili hizo, zikitokea baada ya kupiga mbizi, ni za viputo. Mgonjwa anahitaji kulazwa, kupewa oksijeni safi na kukimbizwa hospitalini, ili ikiwezekana atibiwe katika chumba cha shinikizo. Kumrudisha majini apone ni kucheza na uhai wake.

Safari ya mwisho

Haldane hakustaafu kwa maana ya kawaida. Mwaka 1911 alikuwa ameongoza uchunguzi juu ya mlima Pikes Peak, nchini Marekani, kujua jinsi mwili unavyozoea hewa haba. Baada ya vita aliendelea kuongoza maabara ya utafiti wa migodi, akaandika pia kuhusu falsafa ya uhai. Mwaka 1934 Royal Society ilimtunuku nishani ya Copley, iliyo ya juu kabisa katika chama hicho.

Akiwa na umri wa miaka 75 alisafiri hadi Uajemi na Iraq kuchunguza jinsi joto kali linavyowaua wafanyakazi wa visima vya mafuta. Alirudi Oxford, akashikwa na homa ya mapafu, na akafariki usiku wa kuamkia Machi 15, 1936. Mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza pumzi za wengine aliondoka kwa maradhi ya kifua.

Hakuacha kiwanda wala mali iliyobeba jina lake. Aliacha jedwali. Kila dakika iliyoandikwa humo iligharimiwa na mbuzi walioinua mguu katika tangi la Lister, na na Damant na Catto waliokubali kushuka kabla hawajajua kama hesabu ni sahihi. Mpiga mbizi anayening'inia kwenye kamba, mita tatu tu chini ya uso wa maji, akiiona mashua juu yake na bado hasogei, yumo kazini sawa na alipokuwa chini gizani. Walio juu ya mashua hiyo, wakiwamo wenye msiba, hawana budi kumngoja.